Kulabu ya Dishon na Minazi ya Mama Kache

Jumatatu, 7 Oktoba 1946. Kisauni.
Nimekwisha. Mama Kache, mjane mwenye shamba, ametuita mimi na Charo. Kasema amechoka na wagema wawili wanaogombana kila asubuhi kwenye minazi yake; Jumamosi atachagua mmoja. Nyevu, mke wangu, kasema nikikosa minazi hiyo tunarudi kwa baba yake huko Rabai, nikalime mihogo mbele ya shemeji zangu. Afadhali kaburi.

Atachaguliwa Charo, najua. Anapanda vile vidato vilivyochongwa kwenye mnazi kama mtu anayepanda kitandani kwake. Mimi naogopa kwenda juu. Neno hilo nimelisema hapa tu. Mgema anayeogopa mnazi!

Jumanne, 8 Oktoba.
Nimepona. Dishon, jirani yetu Mkamba aliyerudi kutoka vita vya Burma, ana kulabu ya chuma yenye umbo la yai. Ubavuni ina mlango mdogo wa springi, na skrubu ya kuufunga usifunguke wenyewe. Anasema askari walikuwa wakining'inia nayo majabalini. Nimempa jogoo wangu, naye kanipa kulabu pamoja na mahubiri marefu. Uzito uvute kwa urefu wa chuma, usiulalie mlango. Isikae na chumvi. Ikiingia, ioshwe kwa maji ya mvua, ikaushwe, itiwe tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, kisha ifutwe. Mlango ujaribiwe kila mara kabla ya kupanda. Isifanye kazi nyingine yoyote. Niliitikia ndiyo, ndiyo, huku namtazama jogoo wangu akienda zake.

Jumatano, 9 Oktoba.
Leo nimekuwa mtu. Nilipaza sauti kwanza, napandaa, kama desturi yetu, ili wanawake walio kwenye nyua za kuogea wajifunike. Kisha kamba kiunoni, kamba kuuzunguka mnazi, kulabu ikafungwa. Kule juu nikaachia mikono yote miwili! Mama Kache alinitazama, akamuuliza Charo kama naye anaweza. Charo akajibu kwamba hajaona sababu ya kufanya hivyo. Wivu huo.

Jioni kamba ya ndoo ya Nyevu ilikatika, nikamfungia ndoo kwa kulabu. Majirani wakaisifu, nami nikawaazima. Imeshinda kisimani mpaka giza. Kweli maji ya kisima chetu ni ya chumvi, lakini chuma cha vita kitaogopa kisima?

Ijumaa, 11 Oktoba.
Kutu. Skrubu inalia ukiigusa. Dishon kanituma nikaombe mafuta ya cherehani kwa fundi wa nguo, na huyo fundi ni shemeji yake Charo. Siendi. Kwani sisi watu wa minazi tumekosa nini? Nimeiloweka kulabu katika tembo lililochacha likawa siki. Kutu yote ikatoka. Nikaisugua kwa mchanga laini, nikaipaka mafuta ya nazi mengi mpaka yakachuruzika. Inang'aa kuliko pete ya harusi. Dishon aliiona, akauliza kama nimejaribu mlango. Nikamwambia aangalie inavyong'aa.

Jumamosi, 12 Oktoba.
Naandika kwa aibu. Nilipanga kumtangulia Charo: nipande alfajiri mnazi mnene kuliko yote, vibuyu vyangu vya tembo viwe tayari vimening'inia huko Mama Kache atakapokuja kuchagua. Sikupaza sauti, Charo asije akaamka. Nilipofika juu niliipitisha kamba juu ya kuti, nikafunga kulabu, nikagema. Kazi safi kabisa.

Kushuka sasa. Ili kamba itoke kwenye kuti, sharti kulabu ifunguliwe. Haikufunguka. Mchanga na mafuta ya nazi vilikuwa vimegandana ndani ya skrubu. Nikatoa kotama, kisu changu cha kugemea, nikate kamba. Mikono ina mafuta. Kotama ikaenda chini.

Ikaangukia ndani ya ua wa kuogea wa Mama Kache. Naye ndiyo kwanza anaingia na ndoo yake.

Nilifumba macho, Mungu shahidi. Nikinyamaza, mimi mchunguliaji. Nikisema, mimi mchunguliaji. Wakati huo majimoto, wale chungu wakali wa minazini, wamekwisha kuingia kwenye shuka yangu. Nikaona heri nifuate desturi, hata kama nimechelewa. Nikapaza sauti kutoka kileleni: napandaa!

Mayowe aliyotoa yule mama yalifika Kongowea. Charo alikuja, akapaza sauti kama muungwana, akangoja mama ajifunike, akapanda, akanikatia kamba, akanielekeza mguu baada ya mguu mpaka chini. Hakucheka. Angecheka ningemshukuru. Mama Kache alimpa minazi papo hapo, na kwangu anadai mbuzi wa kumwondolea fedheha.

Jumapili, 13 Oktoba.
Sikwenda kanisani. Nyevu amekunja mkeka na kufunga vyombo. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba.

Alasiri Charo alikuja. Ameniombea kwa Mama Kache mnazi mmoja, mfupi, ulio mbali na ua wa mtu yeyote. Masharti mawili: nipaze sauti kwanza, na nipande bila kulabu, mpaka nijifunze kuamini vidato. Nyevu alisikia, akaufungua mkeka. Dishon naye kaniletea kichupa cha mafuta ya cherehani, kakiweka mkononi mwangu bila mahubiri. Nikawashukuru wote kwa machozi ya kweli.

Mafuta ya Dishon nimeyatia kwenye bawaba za mlango wa nyumba, zilikuwa zikipiga kelele. Kulabu nimeiloweka tena. Kosa lilikuwa siki changa, na mafuta ya nazi hayakuchemka vya kutosha. Kesho nitaivaa chini ya shuka, Charo hataiona, na nitapanda kabla hajaamka.