Kompyuta Haifunuliwi Kabla ya Muziki

Jumatatu, 23 Novemba 1998

Mawingu tangu alfajiri. Joto la kunata. Mvua haipo.

Siku njema sana. Nitaandika kwa mpangilio.

Kwanza. Mzee Husseinali anafungua duka jingine la uchapaji kule Mwenge na anatafuta msimamizi. Hapa Temeke wachapaji tuko wawili. Mimi, Hija, nina miaka tisa kwenye kiti hiki, nilianza na taipureta. Eufrazia ana miezi minane. Hesabu nyepesi! Lakini mzee amesema hatatazama miaka. Atatazama kadi za harusi ya binti wa Bi Nusaiba wa Kigamboni. Zikitoka Ijumaa bila kosa, aliyezitoa ndiye wa Mwenge. Kazi nimekabidhiwa mimi. Eufrazia anisaidie. Sikuomba msaada.

Pili. Kompyuta ni moja tu. Kila ninachokiweka humo Eufrazia anakiona. Wiki iliyopita alifungua barua yangu ya kuomba nafasi ya Mwenge, akasahihisha makosa mawili, kisha akaja kuniambia, kana kwamba kanifanyia hisani. Basi leo mzee alipotoka kwenda benki nikamwita Twalib, fundi wetu. Nikamwambia nataka mashine iwe na vyumba viwili, kimoja asikione mtu. Kumbe inawezekana! Nusu ya diski ilikuwa haijatumika. Akakata hapo chumba D, akaweka humo Windows nyingine iitwayo NT, yenye kufuli. Ukiwa upande wa zamani, ule wa Windows 95, chumba hicho hukioni. Utafute usitafute, hakipo. Nikamwambia mashine ikizimwa na kuwashwa iende yenyewe upande wa zamani, Eufrazia asishtuke. Akafanya. Neno la siri nimeweka jina langu, kwa kuwa hakuna atakayedhani kwamba ningefanya jambo rahisi namna hiyo.

Twalib alieleza na mambo mengine. Sekunde thelathini, mshale wa kushuka, sijui nini. Niliitikia. Nilikuwa nahesabu vitanzi.

Tatu, vitanzi vyenyewe. Nimemaliza kufuma kitambaa cha kompyuta! Tausi wawili, uzi mweupe, na kwa ndani nimetia bitana ili vumbi lisipenye. Kinafunika kioo chote. Nimetoa na sheria: kompyuta haifunuliwi mpaka ipige muziki wake wa kuamka. Marehemu shangazi yangu wa Unguja alikuwa na televisheni iliyodumu miaka kumi na sita, kwa sababu hakuifunua hata siku moja kabla ya sauti kutoka. Kioo lazima kipate joto kwanza. Eufrazia akauliza kama na kompyuta ni hivyo hivyo. Nikamwuliza kwao wana kompyuta ngapi.

Jumanne, 24 Novemba

Mawingu. Jua limechungulia saa tatu, likarudi ndani.

Bi Nusaiba amevuka na pantoni ya mapema, daftari kwapani. Wageni mia tatu na kumi na wawili. Nikaha ni katikati ya Shaabani, na familia mbili zimegombana wiki tatu kuhusu nani apewe kadi ya double, ya kuingia watu wawili, na nani single. Daftari limefutwafutwa mpaka kurasa zimetoboka. Kwa hiyo amekaa ubavuni mwangu akinisomea jina moja moja. Huyu double. Huyu single, alikuwa double mpaka Alhamisi. Shangazi wa bwana harusi apewe double ingawa ni mjane, kwa sababu dada yake kapewa. Huyu asiandikwe Alhaji, alifika Jidda tu akaugua. Saa tano nzima!

Nimechapa yote ndani ya chumba D, ambacho Twalib alikiacha wazi jana. Eufrazia alipoleta chai alinyoosha shingo. Nikashusha kitambaa. Akasema dada, tuweke nakala kwenye disketi, umeme wenyewe unaujua. Nikamwambia nakala ndizo zinazoibwa. Alipoondoka, Bi Nusaiba akasema yule binti ana adabu. Sikulichapa hilo.

Mashine leo pia sikuizima. Nimeiacha ikiwaka, imefunikwa. Kesho nitaisoma orodha mara ya mwisho, keshokutwa nachapisha.

Jumatano, 25 Novemba

Mawingu tena. Upepo kidogo.

Umeme umekatika saa nne. Umerudi saa sita. Nimewasha mashine, nikangoja kwa utulivu. Muziki. Nikafunua.

Chumba D hakuna!

Yaani herufi D ipo, lakini nikiigonga mashine inasema weka CD. CD gani? Mimi nimeweka harusi ya watu! Nimefanya uchunguzi kwa hatua.

Hatua ya kwanza: nimetafuta neno Kigamboni kwenye mashine yote. Imepata barua ya mwaka juzi ya kuomba bomba la maji.

Hatua ya pili: nimeiamuru mashine ikague diski yake. Imekagua dakika hamsini. Ikasema haina kosa lolote. Hata mwizi husema hivyo.

Hatua ya tatu, na hapa ndipo damu ilipokimbia: nimeuliza ukubwa wa diski. Twalib alisema gigabaiti nne. Mashine inasema mbili. Mbili zimekwenda wapi? Wakati wa giza dukani tulikuwa watu wawili, na mmoja wao ni mimi.

Sijamwambia mzee. Amepita jioni akauliza kadi zinaendaje. Nikasema zinapikika.

Alhamisi, 26 Novemba

Mawingu. Kichwa kinauma.

Eufrazia alipotoka kununua maandazi nimepekua mkoba wake. Sijui gigabaiti mbili zina ukubwa gani, lakini mkoba ule ni mkubwa. Nimekuta rozari, leso, chapati mbili ndani ya gazeti, na daftari la kozi ya kompyuta anayosoma jioni. Kozi! Hakuna aliyetuambia. Akanikuta mkono umo humo. Nikasema natafuta sindano yangu ya kufumia. Akainama akatafuta na yeye chini ya meza, kisha akanipa chapati moja. Nimeila mbele ya mashine, nikifikiri. Ilikuwa na mafuta mengi.

Nimempigia simu Twalib. Yuko Kawe kwenye kazi, mpaka Jumamosi hatoki. Akaniuliza mashine ikiamka inaniuliza niende upande gani. Nikasema haijaniuliza. Akasema itakuwa imeuliza, dada, ikangoja sekunde thelathini ikachoka, iangalie vizuri. Mimi niangalie vizuri? Nimeizima na kuiwasha mara sita. Nimekaa mbele yake tangu inapoanza kuguruma mpaka muziki, macho sikuyabandua kwenye tausi. Haikuuliza kitu.

Saa nane akaingia Bi Nusaiba kutaka kuona mfano wa kadi. Nikamwambia wino unakauka. Nikasema, kwa utaratibu tu, alete lile daftari nilinganishe. Akanitazama.

“Mwanangu, daftari nimelitia motoni jana,” akasema. “Wenye majina yaliyofutwa wakiyaona, harusi hakuna. Iko kwako tu sasa.”

Akanishika mkono, akaniombea dua, akaenda kuwahi pantoni.

Nimekwenda stoo nikakaa juu ya maboksi ya karatasi. Nimemfikiria yule bibi harusi ambaye sijamwona hata sura. Nimejaribu kuandika majina kwa kichwa. Nimefika thelathini na nne, na kati ya hao kumi sikumbuki ni double au single. Shangazi wa bwana harusi nilimkumbuka. Nikasema moyoni, kesho asubuhi nitamwambia mzee ukweli. Kisha nikatoka, nikaona doa la mafuta kwenye kifua cha tausi wa kushoto. Mafuta ya chapati! Nani hapa dukani huja na chapati? Ushahidi huo.

Nimevua kitambaa nimekuja nacho nyumbani. Nimekifua, nimekianika.

Ijumaa, 27 Novemba

Mawingu. Kwa hiyo kitambaa hakikukauka.

Siwezi kuingia dukani na kitambaa kibichi. Nimewasha pasi ya mkaa. Mkaa nao ulikuwa na unyevu. Nimefika saa nne badala ya saa mbili, nimekikunja vizuri kifuani, na maneno ya kumwambia mzee nimeyapanga njia nzima.

Nikakuta printa inalia. Kadi zinatoka! Ya mia mbili na tisini na kitu. Bi Nusaiba amekaa kwenye benchi anazisoma moja moja, midomo ikimcheza. Mzee Husseinali amesimama nyuma ya Eufrazia. Na kompyuta iko wazi, kioo nje, haina hata leso.

Nikauliza nani kairuhusu mashine ikae uchi. Eufrazia akasimama akaniamkia.

“Dada Hija, leo haikuwa na kitambaa,” akasema. “Kabla ya muziki nikaona inauliza, upande huu au ule. Nikashuka na mshale. Ikataka neno la siri, nikaandika Hija. Orodha yako ilikuwa humo humo, haijaguswa.”

Mara ya kwanza! Hakujaribu hata neno jingine.

Akaeleza kwamba upande ule wa pili hauijui printa, akaihamisha orodha kwa disketi hadi upande wa zamani. Akamwambia mzee, mbele yangu, kwamba kazi yote nimeichapa mimi, yeye kabonyeza tu. Bi Nusaiba akainuka, akanibusu mashavu yote mawili, akasema hakuna hata single moja iliyopotea. Nilitaka kulia, na nikakasirika kwa kutaka kulia.

Mzee akaondoa miwani.

“Hija, kazi yako safi, miaka tisa sijaona kosa,” akasema. “Lakini mama, unajua kuificha kuliko kuitoa. Mwenge ataanza Eufrazia.”

Nimesema asante. Nimefunika mashine.

Nimelitazama jambo hili kwa mpangilio, na liko hivi. Tangu mashine ile iingie dukani mimi ndiye ninayeifuta vumbi. Mimi nimeifumia tausi. Jana nimeiwasha mara sita mfululizo, haikuniuliza swali hata moja. Kaja yeye, asubuhi moja, inamwuliza, na inamngoja ajibu. Upendeleo mpaka kwenye mitambo!

Jumamosi, 28 Novemba

Jua! Kali, tangu saa moja. Leo halina kazi.

Nusu siku. Eufrazia anaanza Mwenge Jumatatu. Amenunua soda, moja yake, moja yangu, moja ya mzee. Sikutaka aondoke akisema nina kinyongo, nikamwambia nitamfumia kitambaa cha kompyuta ya huko, achague rangi. Akatazama chini, akacheka kidogo, akasema anashukuru sana dada, ila ile ataiacha wazi tu. Akasema na hii yetu ningeijaribu hivyo, japo asubuhi, mpaka lile swali lipite. Nikamwambia vumbi la Mwenge halijui adabu ya mtu. Atanikumbuka.

Twalib amepita akitoka Kawe. Aliuliza kama nimelielewa lile swali la kuamka. Nikamwambia nimelielewa kuliko yeye. Kisha nikamweleza kosa lilikuwa wapi: vyumba viwili ni vichache, na neno la siri lilikuwa fupi. Amekata kipande kingine, chumba E. Neno la siri sasa ni gumu, Hija mara mbili. Alitaka kueleza tena habari za mshale. Nilikuwa napima kioo kwa futi.

Nimechapa barua ya kurasa mbili kumwomba mzee afikirie upya. Barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nina hakika, haina kosa ambalo mtu angelisahihisha. Nakala sikutoa. Nimeiweka chumba E, ambako hakuna atakayeiona, na Jumatatu mzee akifika tu naichapisha nampa mkononi. Kisha nikazima mashine.

Kitambaa kipya nimekianza leo hii. Tausi wanne, bitana mbili, kitashuka mbele mpaka kifunike kibodi. Mashine ikiona heshima ya namna hiyo, itauliza.

Nimefuma safu kumi na moja. Saa nne na dakika ishirini. Nalala.