Malalamiko Kuhusu Mkono wa Kulia wa Babu Yangu

Mwabungo, Diani

Kwa Daktari Karisa, mpasuaji wa mifupa na viungo

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na mikono yako imetulia, kwa kuwa ni mikono hiyo ninayokuja kuishtaki.

Mimi ni Yusra, mjukuu wa Mzee Chirau, yule mzee wa jongo uliyempasua mkono wa kulia kabla ya Ramadhani. Utamkumbuka. Ndiye aliyekuuliza kama ule unga mweupe wa jongo, ile chaki uliyoitoa vidoleni mwake, ingetosha kupaka ukuta wa msikiti. Ulicheka. Sisi nyumbani hatucheki. Upasuaji umefaulu, na naomba uniruhusu nieleze hasara zake kwa utaratibu.

1. Kwa miaka mingi vidole vya babu vilikuwa na vinundu kama tangawizi, havikunjiki wala havishiki. Niliporudi kutoka chuo kikuu na digrii ambayo hakuna ofisi iliyoihitaji, nilipata kazi hapo hapo nyumbani: nikawa mkono wake. Nilimfunga vifungo vya kanzu, nilimshikia kikombe cha kahawa, na kila Ijumaa baada ya sala, wazee wenzake wanapokula sinia moja barazani kwetu, nilikaa ubavuni mwake nikimlisha. Mwanamke hakai kwenye sinia lile. Mzee Mangi alipohoji mara ya kwanza, babu alimjibu, "Huyu si mwanamke, ni mkono wangu. Wewe wako umeuacha nyumbani?" Shauri likaisha. Daktari, mkono husikia mengi. Nilijua nani anaozwa na nani hata kabla bibi harusi hajajua. Mara chache mkono ulitoa maoni, na yakafuatwa. Sasa babu anao mkono wake, nami nimerudishwa kuwa mwanamke. Nakaa jikoni, vicheko vinanifikia kupitia ukutani, na sijui wanamcheka nani.

2. Maini. Ulimkataza wewe mwenyewe, ukasema ndiyo yanayoamsha jongo. Nilipokuwa nikimlisha mimi, ini halikupata njia ya kufika kinywani mwake. Siku hizi anajichotea, na hata ukilifukia chini ya wali, mkono wako mpya unalifukua.

3. Kidole cha shahada. Ulisema kiungo chake kimeliwa na jongo hata hakifai tena, ukaiunganisha mifupa ili maumivu yaishe. Yameisha. Lakini hukuwaza kwamba kidole kisichokunjika lazima wakati wote kimwelekee mtu. Babu akiomba maji, kinamwelekea shangazi Shutu, naye anaapa kwamba si yeye. Katika kikao cha ukoo juu ya mpaka wa shamba, babu alinyoosha mkono achukue kashata, kidole kikasimama mbele ya uso wa mjomba Kheri. Mjomba akakiri papo hapo kwamba ndiye aliyeung'oa mnazi mchanga wa mpakani akaupanda ndani ya shamba letu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza! Kesi iliyokuwa ikituletea wageni barazani tangu sijazaliwa imekufa kwa kashata moja, na pamoja nayo sababu ya mwisho ya mtu kuniita nikapike kahawa na kusikiliza.

4. Anajifunga vifungo mwenyewe. Hili sina namna ya kulipamba. Anachelewa, anakosea tundu, anaanza upya, nami nasimama mlangoni mikono mitupu. Ananiambia, "Nenda kapumzike, mama." Sijachoka, Daktari.

Kwa hayo yote, naomba ile chaki irudishwe ilikotoka. Kama imeshatupwa, naomba cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba mkono ule haufanyi kazi siku za Ijumaa. Na kama cheti nacho kinakwenda kinyume na kiapo chako, basi mkono wa kushoto, uliopangwa kupasuliwa mwezi ujao, uachwe ulivyo. Najua unamuuma. Namsikia akiguna alfajiri anapotia udhu. Lakini tulipime jambo hili kwa akili: jongo lilimweka babu karibu nami, afya imemweka mbali. Kati ya hivyo viwili, kipi kilistahili kisu?

Nisalimie muuguzi Japheth, aliyempa babu mpira wa kuminya, na umwambie paka wetu anaufurahia sana. Nisalimie mama wa mapokezi, wagonjwa wote wa wodini, na kisu chako pia, kwani sina ugomvi nacho binafsi.

Ni mimi, katika masikitiko na heshima,

Yusra
(aliyekuwa mkono wa kulia wa Mzee Chirau)

Tanbihi: Ijumaa ya jana ilifika kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha. Nilikuwa jikoni. Nikamsikia babu akiita, "Mkono wangu uko wapi?" Mzee Mangi akasema, "Si huo hapo, umeshika tonge?" Nikachungulia. Babu alikuwa ameunyoosha, na kile kidole kilikuwa kimeelekea mlango wa jikoni. Nikageuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nikaenda. Mzee Mangi akauliza, "Sasa huyu atakaa hapa kama nani?"

"Kama Yusra," babu akasema. "Hebu msogee huko, mmejitandaza."

Akafinyanga tonge. Nusu ilimwagikia mkekani, na iliyobaki akanilisha mimi mbele ya wazee wote. Miaka yote ile niliyokuwa mkono, sikuwahi kulishwa.

Kwa hiyo niliyoandika hapo juu uyafute yote. Mkono wa kushoto tutauleta siku uliyotupangia, na ukiweza kutupokea mapema, tutakuja mapema. Tafadhali utenge na kitanda cha pili: nilipoketi tu, maini yote niliyasogeza upande wa Mzee Mangi, na leo ameamka hawezi kuvaa kiatu.