Malalamiko Kuhusu Kadi Inayosimama Mbele ya Wazee

Muleba,
Jumatano, baada ya saa za kazi.

Kwa Shangazi Kokushubila,
Nshambya, Bukoba.

Shikamoo Shangazi,

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika. Mimi ni mzima wa mwili. Ninaandika haya kwa heshima zote, nikijua kwamba wewe ndiye uliyenilea na kunisomesha hadi nikawa karani wa masjala, na kwamba ukikasirika huna haraka ya kupoa.

Utakumbuka nilikuomba bahasha yenye ua moja pembeni, ya kuwekea barua utakayoninakilia ya posa kwa Edvina, binti wa Mzee Kamala wa Kagondo. Sisi sote tunajua posa inavyokwenda. Mshenga anaipeleka barua, wazee wanaisoma, wanaiweka kabatini, na wanajibu siku wakipenda. Badala ya bahasha ukatengeneza kadi. Nilipoipokea ilikuwa imelala, bapa kama faili jipya, nikakushukuru na kumkabidhi mshenga wetu, Mzee Mushumbusi. Hukuniambia kwamba ikifunguliwa inainuka. Kutokana na hilo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kadi ilisimama. Mzee Mushumbusi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kofia mkononi, amejikunyata kama inavyompasa mtu aliyekuja kuomba. Akaifungua kadi mezani, na kile kipande cha mbele ulichokikunja katikati kikaegemea nyuma, kikajishikiza kwenye lile ua ulilobandika chini, na kadi ikasimama kifua mbele katikati ya ukoo mzima. Baba mkubwa wa Edvina akauliza, "Huyu ni nani anayesimama wakati wageni wenzake wamekaa?" Mzee Mushumbusi akailaza kwa kiganja. Ikainuka tena, taratibu, kama mtu anayetaka kujibu. Akailaza mara nyingine, ikainuka. Mwishowe wakakubaliana kwamba mkwe huyu ni mkaidi. Shangazi, mimi nikiitwa na bosi huwa nasimama hata kabla hajamaliza kutaja jina langu. Ukaidi nitautoa wapi?

2. Vipepeo. Najua vile vya kwenye kadi umevikata kwa ile mashine yako ya kukatia karatasi, ya kuzungusha mpini, na najua karatasi ya kijani yenye madoadoa uliitunza muda mrefu ukisubiri jambo kubwa. Lakini kijani kile, pamoja na zile mbawa ulizozikunja ili zionekane zinaruka, viliwafanya wazee waone senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Wakabishana hadi chai ikapoa. Waliosema ni senene waliuliza kwa nini kijana analeta senene wakati si msimu wake, tena yeye mwanamume, wakati kila mtu anajua senene huwa zinatoka kwa mke kwenda kwa mume. Je, anataka kuolewa yeye? Waliosema ni vipepeo hawakunisaidia. Waliuliza kipepeo analiwa na nani.

3. Kadi haina siri. Barua ya kawaida hulala kabatini na kunyamaza. Hii imewekwa juu ya kabati la televisheni, na kila anayeingia kusalimia anaisoma kwanza ndipo anakaa. Wameisoma wanakwaya, ameisoma fundi wa king'amuzi. Mimi nilikuandikia maneno ya kunakili: "Naomba kwa unyenyekevu kuwa mtoto wa nyumba hii." Ule mstari unaosema sipati usingizi kwa ajili ya Edvina uliuongeza wewe, kwa wino wa dhahabu. Jumatatu mwenzangu wa ofisini, Nuriat, ambaye ana ndugu Kagondo, alinipokea mlangoni kwa maneno haya: "Kaka Datius, leo angalau umesinzia?" Bosi akasikia. Sasa nikipiga miayo, ananitazama.

4. Kadi imependwa kuliko mimi. Hili ndilo linaloniumiza. Jumamosi iliyopita nilijikaza, nikapanda basi hadi Bukoba, nikaenda Kagondo kusalimia. Nilichuchumaa mlangoni vizuri kama ulivyonifundisha, lakini sauti ilikataa kutoka. Mzee Kamala akaniinamia, akasubiri, kisha akasema, "Kijana, kadi yako inaongea kuliko wewe." Akanyanyuka kwenda kuigeuza ili jua la dirishani lisififishe rangi. Shangazi, ile kahawa ya kutafuna ambayo kila mgeni hupewa, bibi yake Edvina aliipitisha kwa wote, akaweka punje kadhaa mbele ya kadi, akaketi. Mimi nikasahauliwa. Edvina aliona, akacheka hadi akatoka nje. Sikujua kama ananicheka au ananihurumia, na sikuthubutu kumfuata kuuliza.

5. Hivyo basi, nimefikia hitimisho kwa utaratibu tunaoutumia masjala. Barua ikiingia, anayejibiwa ni aliyeleta. Aliyejitokeza mbele ya wazee ni kadi. Aliyezungumza ni kadi, na aliyekula kahawa ni yeye. Wakikubali posa, watakuwa wamemkubali nani? Nahofia nitakwenda kumchukua mke wangu na kuambiwa nipange foleni nyuma ya karatasi. Kadi yeye ana umbo zuri, hatetemeki, hana bosi, na kwa maelezo ya bibi hana makelele. Kama ningekuwa baba wa binti, ningemchagua yeye.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu. Kwanza, uende Kagondo kwa kisingizio chochote na ulibandue lile ua la chini, ili kadi ilale kama barua nyingine zenye adabu. Pili, unipe maandishi yenye sahihi yako yanayothibitisha kwamba wale ni vipepeo. Tatu, usiendelee kuwafundisha kina mama wa usharika kutengeneza kadi za kusimama mpaka utakapobuni inayojua kuchuchumaa. Karatasi ni ileile, mikunjo tu ndiyo itabadilika. Vijana wote waoga wa Muleba na Bukoba watakushukuru, ingawa hawatathubutu kuja kukuambia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani wa upande wa migombani, na kina mama wa kadi, ila tafadhali usiwasomee barua hii. Mzee Mushumbusi anakusalimu. Mgongo wake umeanza kupona baada ya kukaa sana kwenye kile kigoda.

Ni mimi mtoto wako mtiifu, niliyeandika nikiwa nimekaa,

Datius Rwekaza

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Edvina amenipigia simu. Kumbe kabla yangu kulikuwa na mwingine, mhandisi mwenye gari, naye alileta barua ya posa ndani ya bahasha nyeupe safi. Baba yake aliiweka kabatini kwa heshima, na hadi leo hakuna anayekumbuka kuijibu. Yangu wanaiona kila wanapowasha taarifa ya habari, kwa hiyo ukoo umechoka kuitazama bila kuijibu, na wameamua kunikubali. Tafadhali usilibandue ua. Namba moja hadi tano nimezifuta, na yale maombi matatu pia. Ila Mzee Kamala ametaka Jumamosi nije mwenyewe, bila mshenga, nitoe neno mbele ya ukoo wote. Shangazi, nakuomba kadi nyingine kabla ya Ijumaa, yenye hotuba nzima ndani, kwa herufi kubwa, na vipepeo utakavyo. Isimame imara. Kwa kipimo, nikiwa nimekaa kitini iwe imenizidi kidogo kichwani.