Lenzi Ndefu kwa Mwenye Haya

Jumatatu, 2 Juni

Nimepewa kazi. Yaya Noëlla, dada yangu mkubwa, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo kanisani kwetu huku ughaibuni, Thornton Heath. Mpiga picha wa kukodi amemshinda bei. Basi kasema nipige mimi. Kamera ninayo, niliachiwa na mjomba aliyehamia kwenye simu. Lenzi sina. Ile ya mjomba ina ukungu ndani kama dirisha la bafuni.

Koko, mama yake mama, yuko Bukavu. Viza haikutoka. Atakachokiona cha harusi hii ni picha zangu tu. Mama alinikumbusha hilo mpaka vyombo vikaisha kuoshwa.

Nakiri hapa, ambapo hakuna anayesoma: naogopa watu. Shangazi mmoja akinisogelea natokwa jasho, na harusini watajaa ukumbi. Kwa hiyo nina mpango. Nitanunua lenzi ndefu, ile ya kuvuta watu kutoka mbali. Nitasimama mlango wa jikoni, niwapige wote bila kumsalimia hata mmoja. Akili hiyo.

Dieumerci wa kwaya, mwenye simu mpya na taa ya duara, ameshamwambia Noëlla kwamba yupo, endapo mimi nitaugua. Sitaugua.

Alhamisi, 5 Juni

Lenzi imefika. Niliipata kwenye mnada mtandaoni, bei ya kutupa. Ndefu kama mchi. Nilikuwa nashangaa kwa nini wengine hawaitaki. Sasa najua. Ni ya kamera za kampuni nyingine, haiingii kwenye yangu. Nimeisukuma, nimeizungusha, nimeiombea. Tangazo lilisema wazi, mstari wa pili. Lakini mimi niliangalia picha tu, kama mpiga picha wa kweli.

Muuzaji hapokei kitu kikirudi. Akiba yote niliyoipata kwa kusuka watoto wa jirani imekwenda. Mama kaukuta mchi kitandani, akauliza ni nini. Nikasema lenzi. Akasema inaonekana ya nguvu, Mungu asifiwe. Nimelala njaa kwa aibu. Si kweli, nilikula. Ila kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Harrow. Treni, halafu treni nyingine ya laini ya Metropolitan, halafu kutembea na mchi mkobani. Huko kuna duka la kamera za mitumba la mzee Kanti, Mhindi wa Kisumu. Mama aliwahi kufanya usafi kwake. Nilipanga kuongea Kiingereza, maana kwa Kiingereza najua kunyamaza kwa adabu. Aliposikia mimi mtoto wa nani, akaanza Kiswahili. Pa kujificha pakaisha.

Akaigeuza lenzi yangu. Akauliza kama nimeinunua kwa kilo. Mkewe, mama Lila, akamwambia kutoka nyuma ya kaunta aache kumchoma mtoto wa watu, akaniletea chai na chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili. Basi mzee akakubali kubadilishana: yeye achukue mchi, mimi nichukue lenzi fupi ya milimita hamsini. Haivuti hata kidogo. Nikamwambia, kwa sauti ya panya, kwamba nataka inayovuta. Akasema ya kuvuta ninayo, tena mbili, nimezivalisha viatu. Akasema hii hupokea mwanga mwingi hata ukumbi ukiwa na giza, zile ndefu za bei rahisi zingenitolea harusi nyeusi. Inafaa kwa uso, kwa keki, kwa kila kitu, mradi nisogee.

Nikauliza kusogea kiasi gani. Akaja akasimama mbele yangu. Hapo, akasema. Yaani mahali pa kunusa manukato ya mtu.

Nilitaka kulia. Nikasema asante mzee. Mama Lila akaongeza chai.

Jumapili, 8 Juni

Jaribio kanisani. Ukumbi wetu uko nyuma ya duka la matairi. Mpango mpya: kama lenzi haivuti, mimi nitarudi nyuma. Nikapiga picha moja ya kwaya. Haikuenea. Nikarudi nyuma. Nikarudi tena, mpaka mgongo ukafungua mlango wa dharura, nikajikuta nje kwenye matairi, mlango umejifunga. Kengele ya moto ikalia katikati ya maombi. Mchungaji akawaambia waumini ni adui anajaribu. Nilikuwa mimi, nagonga.

Ile picha moja ina kwaya nzima isipokuwa Tantine Gaudensia, dada wa baba. Bega lake limo, yeye hayumo. Kwetu hilo halisameheki kirahisi. Amemuuliza mama kama siku hizi yanaalikwa mabega. Dieumerci naye kapiga yake kwa kuzungusha simu, na humo Tantine ametokea mara mbili. Amefurahi sana.

Jumamosi, 14 Juni

Imekwisha. Naandika na rangi za midomo ya watu mashavuni.

Kwetu bibi harusi hacheki. Akicheka, watasema alikuwa na haraka ya kuondoka nyumbani. Noëlla alikuwa na uso wa msiba, mzuri kabisa, na Tantine Gaudensia alisimama pembeni kuulinda mdomo wake.

Nilianzia mlango wa jikoni, kama nilivyopanga. Ndani ya kamera dada yangu alikuwa punje ya mchele. Nikamfikiria koko akiitafuta punje hiyo kwenye simu. Nikaenda. Kila kiti kilikuwa na shangazi, na kila shangazi aliniita: Emérence, weye umekuwa mukubwa namna hii, hata kusalimia hapana? Nikabusu, nikabusiwa, nikafika mbele.

Karibu kabisa. Nikainama. Kisigino changu kikakanyaga mguu wa taa ya Dieumerci, taa ikamwangukia mwenyewe, mimi nikaketi juu ya ngoma ya kwaya. Ngoma ikalia. Mpiga kinanda akadhani ni ishara, akaanza wimbo wa kutokea, na mchungaji alikuwa hajawaunganisha bado. Noëlla akacheka. Meno yote nje. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe.

Tantine Gaudensia kaniambia niifute. Nikasema ndiyo Tantine. Kisha nikaituma Bukavu pamoja na zile za msiba.

Jumatatu, 16 Juni

Koko ametuma sauti. Tumeisikiliza jikoni, Tantine amekunja mikono. Koko alisema zile za huzuni zina heshima, zitunzwe. Lakini ile ya meno ndiyo aliyoizungusha kwa majirani, maana katika nyingine alikuwa anaona bibi harusi tu, katika hiyo akamwona Noëlla. Mama akageukia sufuria, akakoroga maji matupu. Halafu koko akauliza: lile bega la pembeni ni la nani?

Tantine kaondoka bila kumaliza chai.

Nimetafakari yote haya. Somo liko wazi. Nilipokwenda karibu niliangusha taa, nikakalia ngoma, nikabusiwa na nusu ya Kongo. Nahitaji lenzi ndefu. Nimeiona moja kwenye mnada, bei ya kutupa. Picha yake nzuri mno. Maelezo ni marefu kidogo, nitayasoma ikifika.