Kamati ya Maridhiano ya Sola, Wilaya ya Hwaryang

Kwa niaba ya Kamati ya Maridhiano kuhusu Nishati ya Jua, ambayo mimi, Eom Tae-sik, ni katibu wake, nina furaha kuutangazia umma kwamba mgogoro wa sola katika ofisi za wilaya yetu umekwisha, tena umekwisha kwa kufuata taratibu zote.

Mgogoro wenyewe ulikuwa hivi. Bwana Tak wa Mazingira alitaka paneli za sola zifungwe juu ya paa. Bwana Ma wa Majengo alikataa, kwa kuwa paa hilo ndilo uwanja ambapo Mheshimiwa Bang, Mkuu wa Wilaya, hucheza mpira kila adhuhuri. Waligombana mpaka wakaacha kuamkiana. Ndipo Kamati ikaundwa, ikapewa chumba chenye kiyoyozi, maana mtu anayetiririka jasho hawezi kupatanisha watu.

Tulimwendea Mheshimiwa kupata mwelekeo. "Mimi nafuata maoni ya wengi," alisema. Tukawauliza wengi. Wengi wakasema wanafuata maoni ya Mheshimiwa. Matokeo haya yalitutia moyo sana: hakuna hata mmoja aliyepinga. Kilichobaki ni kujua ni nini hasa ambacho hakipingwi, na hilo tukalifanyia kazi majira yote ya joto.

Wakati huo, ili kubana matumizi ya umeme, feni za jikoni zilizimwa. Jikoni yupo Mama Mdogo Ok-bun, mpishi wetu, mwenye miaka sitini na tatu. Alikuwa ameanguka mbele ya jiko, na daktari akamwambia akianguka tena asitegemee kuamka. Akaja kubisha hodi kwenye Kamati.

"Nyie wanangu, hiyo sola inakuja au haiji? Mie nakufa kule chini."

"Mama Mdogo, suala lipo mezani."

"Meza gani hiyo, kila siku kuandaliwa, hailiwi?"

Nilimweleza kwa upole kwamba subira ni sehemu ya mchakato. Akakitazama kiyoyozi chetu kwa muda, akaondoka.

Ikafika siku ya Bok, kilele cha joto, ambapo kila mtu hapa hunywa supu ya kuku mzima ingali inatokota, ili joto lifukuzwe kwa joto. Mama Mdogo akatangaza kwamba daktari kamkataza kubeba vyungu, kwa hiyo chakula kitaliwa jikoni. Mheshimiwa alikuja na mpiga picha wa jarida la wilaya, toleo la Kuwaenzi Wazee. Akatabasamu mbele ya kamera. "Safi kabisa! Mama Mdogo, keti ule nasi."

Akaketi. Hapo ndipo tulipokwisha. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko sote, na mezani kwetu mdogo hainuki kabla mkubwa hajaweka kijiko chini.

Mheshimiwa alimaliza upesi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama Mdogo, umeshiba?"

"Bado, baba. Meno yangu si yale ya zamani." Akaanza kunyonya shingo ya kuku. Mpiga picha akapiga picha.

"Feni za humu kazizima nani?"

"Ni Mheshimiwa mwenyewe," alisema Bwana Tak.

"Mpaka sola ipatikane," alisema Bwana Ma. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusaidiana.

"Na sola inasubiri nini?"

"Maoni ya Mheshimiwa," nikasema.

"Basi fungeni hiyo sola!"

"Lini, baba?" aliuliza Mama Mdogo, akichagua paja.

"Mwakani, kwenye bajeti..."

Mama Mdogo akavuta paja la pili.

"Mwezi huu!"

Akaanza kula wali, punje moja moja.

"Kesho! Na feni ziwashwe sasa hivi, na kiyoyozi cha Kamati kishushwe hapa!"

Nilikuwa na hoja ya utaratibu, lakini ulimi ulikuwa umeungua.

Mama Mdogo akaweka kijiko chini. Mheshimiwa akainuka, akayumba, akashika ukingo wa meza, uso umemwiva.

"Pole, baba," alisema Mama Mdogo, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. "Ukianguka usiogope. Mie nilipoanguka, nilizinduka nikakuta Kamati imenishikisha dodoso: je, umeridhika na huduma?"

Sote tukamgeukia Mheshimiwa, tujue kama tucheke.