Ombi Kuhusu Chewa wa Fremu ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Shajara, daftari langu jipya lenye jalada gumu. Salamu na heshima zitangulie. Dhumuni la kukufungua ni moja tu: kuweka kumbukumbu, kwa lugha iliyonyooka, ya juhudi zangu za kumwona kwa macho yangu mwenyewe samaki anayeshinda na mke wangu kila siku ya kazi.

Maelezo ya awali. Mimi ni karani wa stoo katika kituo cha wazamiaji cha kisiwa hiki. Natoa mitungi ya hewa. Napokea mitungi ya hewa. Nasuuza suti za mpira. Nageuza vibao vya majina ukutani: upande mwekundu, mtu yuko majini, upande mweupe, amerudi. Mke wangu ni mpandaji wa matumbawe. Hushuka mita kumi na mbili, akafunga vipandikizi kwenye fremu za chuma, kimoja kimoja, kwa uzi. Mimi sijawahi kushuka hata mita mbili. Sikio la kushoto! Daktari wa kituo alilichungulia mwaka juzi, akasema ngoma yake ina tundu tangu utotoni na nikizama nitajuta. Nilimwandikia barua ya kukata rufaa, kurasa tatu. Alijibu kwa neno moja, na hakuweka hata nukta.

Sasa, kwenye fremu ya tano kuna chewa. Mnene kama mto wa kulalia. Ana kovu jeupe juu ya mdomo, mfano wa sharubu la upande mmoja. Mke wangu akianza kufunga uzi, chewa huja kutulia karibu na goti lake. Hutazama. Visamaki vya usafi humwingia mdomoni kumsugua meno, naye hukaa kimya kama mtu aliye kwa kinyozi. Jioni mke wangu hunisimulia haya yote, mikono hewani, chakula kinapoa.

Nasikiliza. Nauliza maswali. Lakini macho yake wakati huo yako kule chini, nami niko huku mezani.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: picha. Nilimwomba nahodha wa boti, ambaye ni kaka wa mke wangu, azame na kamera ya kituo. Alicheka mpaka akaushika usukani. Akaniuliza, "Shemeji, yaani unamwonea wivu samaki?" Nilimfahamisha kwamba neno sahihi ni shauku, si wivu. Akasema haya, shauku, ila hata kwa masharubu amekushinda.

Picha alizoleta ni kumi na moja. Tisa za goti lake mwenyewe. Moja ya mchanga. Moja ya mkia. Ile ya mkia nimeichapisha na kuibandika hapa. Mkia mzuri. Unaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Mkakati wa pili. Kwenda kwake nimekatazwa. Kuja kwake hakuna daktari aliyekukataza!

Gati letu liko mwendo wa dakika tano kutoka usawa wa fremu. Chini ya ngazi maji hufika kifuani, na ni meupe kiasi cha kumwezesha mtu kusoma gazeti kupitia ndani yake. Nahodha aliwahi kuniambia kwamba chewa huacha shughuli zake zote kwa ajili ya yai la kuchemsha. Nikamwomba mpishi wa kantini mayai sita. Akauliza ya nini. Nikasema ya utafiti. Akasema utafiti wangu uliopita ulikuwa wa keki, na matokeo yake anayaona kiunoni mwangu.

Izingatiwe kwamba ukutani kwetu kuna kanuni kumi. Ya saba yasema: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kumlisha samaki yeyote." Niliiandika mimi, kwa rangi ya bluu, na mpaka leo naiona kuwa bora kuliko zote kumi. Hata hivyo haisemi lolote kuhusu yai lililoteleza mkononi.

Leo yameteleza manne. Vilikuja visamaki vyenye milia, vingi, vyenye fujo. Chewa hakuja. Mawili yaliyobaki nimekula mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

AMEKUJA! Saa nne na dakika kumi asubuhi. Sharubu lile lile!

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngazi ya chini kabisa, suruali ya kazi chapachapa, uso majini, miwani ya kuogelea imenikaza. Kwanza niliona kivuli. Kisha visamaki vyote vikampisha, kama watu wanavyompisha mkubwa mlangoni. Akaja hadi kwangu. Ana madoadoa hadi kwenye midomo. Hilo mke wangu hakuwahi kulitaja. Jicho lake huzunguka polepole, kama la mtu anayesoma barua mpaka mwisho. Akanisoma. Nami nikawaza: hivi ndivyo anavyotazamwa mke wangu kila siku. Haya ndiyo anayoyaona. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikakakamaa.

Kasoro moja. Nilisahau kugeuza kibao cha nahodha. Kwa mujibu wa ubao, alikuwa bado chini ya maji, muda wa hewa yake umekwisha. Meneja alitoka mbio na boya shingoni, akamkuta kantini anakunywa chai. Nimewasilisha maelezo ya maandishi. Meneja ameyapokea shingo upande.

Mke wangu sijamwambia. Jambo kubwa halisemwi kwa pupa. Naandaa namna ya kulisema.

Jumanne, 11 Machi

Chewa huja kila siku sasa, tena kabla ya yai. Ananijua kwa kofia. Furaha yangu haina kifani.

Jioni, mke wangu amekula kimya. Nikamwuliza habari za fremu ya tano. Akasema hakuna habari. Siku ya tatu leo hajatokea. Labda kuna mtu amemvua, akasema, halafu akasukuma sahani. Nikaona ni busara kuisifu supu. Akanikumbusha kwamba supu nimepika mimi.

Ajabu. Nilidhani nikishamwona chewa tutakuwa na mengi ya kuzungumza. Meza hii haijawahi kuwa ndefu hivi.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari. Ilikuwa na kasoro, nikairudisha nyuma kuirekebisha.

Alhamisi, 13 Machi

Meneja amebandika tangazo. Wanatakiwa wapandaji wawili kwenda miamba ya mbali, miezi mitatu, kulala huko huko. Boti itaondoka Jumatatu saa mbili asubuhi. Saa tano hivi nilipita kukagua kama tangazo limenyooka. Jina la kwanza lilikuwa limeshaandikwa. Mwandiko ule naufahamu. Herufi zake hulala kidogo upande wa kulia.

Nahodha alinipitia stoo. Akasema dada yake hana raha kule chini siku hizi. Anafunga uzi, anageuka. Anafunga uzi, anageuka. Kama mtu anayengoja mgeni. Anasema bora aende mahali ambapo hajazoea kusubiriwa. Kisha akanisogelea, akanusa. "Na wewe shemeji, mbona unanuka mayai?"

Kibao cha mke wangu nimekigeuza leo mara kadhaa bila sababu. Mweupe. Mwekundu. Miezi mitatu ya mwekundu!

Jumamosi, 15 Machi

Nimekiri. Niliandaa taarifa ya kurasa mbili yenye vichwa vidogo, nikaisoma nimesimama. Nilipofika "Chimbuko la Tatizo" akanikatiza kuuliza mayai mangapi. Nikasema hamsini na mawili. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "We mtu! Mimi namlilia samaki wa watu, kumbe yuko na wewe hapo gatini mnapata kifungua kinywa?"

Nikajitetea kwamba nilitaka tu kuona anachokiona yeye.  Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye humtazama yule samaki kwa ajili yangu. Kwamba akiona kitu kule chini huanza papo hapo kutafuta maneno ya kunisimulia jioni. Chewa akifungua mdomo tu, yeye tayari yuko mezani na mimi. Siku hizi anapanda ngazi ya boti hana cha kuniletea. Kwa hiyo akaona aende tu.

Maneno mazuri sana. Nilimwomba ayarudie ili niyanakili. Alinitazama kwa namna nisiyoweza kuieleza.

Kisha akatoa sharti. Niache mayai, chewa arudi zake, naye atalifuta jina lake kwenye tangazo kabla boti haijang'oa nanga. "Rahisi tu, baba. Unaahidi?" Niliahidi. Kwa mdomo, hakunipa nafasi ya maandishi.

Jumapili, 16 Machi

Leo hakuna anayezama. Saa nne nilikwenda gatini bila yai, kwa lengo la kushuhudia utekelezaji wa ahadi yangu. Alikuwepo. Aliizunguka ngazi mara tatu, akanisoma mpaka mwisho, akaanza tena mwanzo. Nilimweleza hali ilivyo, kwa lugha nyepesi. Hatimaye akageuka, akaelekea kwenye fremu. Nilitazama mpaka nikawa natazama maji matupu.

Nimetafakari kwa kina na kuona kwamba ahadi ile ni nzuri, ila inahitaji marekebisho madogo. Hati ifuatayo nimeiweka chini ya sahani ya mke wangu, ambaye yuko nje anaanika suti yake. Nakala naihifadhi hapa.

"Kwa Mke Wangu Mpendwa. Yahusu: Yai. Nakiri kulipokea sharti lako, na nimelitekeleza kikamilifu tangu jana. Hata hivyo, kwa kuwa Jumapili wewe huzami, na kwa kuwa siku hiyo chewa hana miadi na mtu, naomba kuruhusiwa yai moja, moja tu, kila Jumapili saa nne asubuhi. Nitakayoyaona nitakusimulia mezani, ili nawe upumzike kusimulia. Boti inaondoka kesho saa mbili na jina lako bado liko pale ukutani. Naomba uamuzi wako: ndiyo, au hapana."