Fomu Namba Tisa

Jumatatu saa tatu kamili asubuhi, Idara ya Usafi na Mvuto wa Mji ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba mfereji wa Mtaa wa Chini ulikuwa msafi kinyume cha taratibu. Wananchi waliombwa wawe watulivu. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba kila Jumamosi, kwa miezi minane mfululizo, watu wapatao kumi na wawili walishuka mferejini na majembe, reki na viroba, wakazoa taka, wakapanda nyasi za kuzuia kingo zisimomonyoke, kisha kila mmoja akaenda kwake kuoga. Hapakuwa na mgeni rasmi. Hapakuwa hata na fulana.

Tangazo hilo liliandikwa na Afisa Taka, ambaye mtaani walimwita Bwana Utaratibu, naye jina hilo alilivaa kama nishani. Ndiye aliyebuni Fomu Namba Tisa, Maombi ya Kujitolea, kurasa sita kwa nakala nne, iliyomtaka mwombaji aambatanishe hati ya mshahara kuthibitisha kwamba halipwi. Kuanzia siku ile, atakayegusa taka za mferejini bila kibali atakiona cha mtema kuni. Na kibali kingeanza kutumika siku ishirini na moja baada ya kusainiwa, ili kutoa nafasi ya kutafakari.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Kiongozi wa kikundi kile haramu alikuwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea, na kila sare ya shule aliyowahi kuvaa ilitoka mikononi mwake. Jumanne aliingia ofisini na fomu iliyojazwa, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimeleta makaratasi yenu. Mvua iko njiani, na mwaka jana unajua ilivyonifanya."

Alijua. Mwaka jana mfereji uliziba, maji yakajaa ndani kwa shangazi mpaka usawa wa kiti, cherehani ikalala majini siku mbili. Yalipokauka, shangazi alinunua jembe. Afisa alimwonea huruma kwelikweli, lakini huruma haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

"Hapa pa hati ya mshahara umepaacha wazi."

"Mimi silipwi, mwanangu."

"Ndicho hati inachotakiwa kuonyesha."

Shangazi alimtazama jinsi anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Mimi nilikulea vizuri," alisema. "Sijui ulikosea wapi."

Fomu ilipelekwa mezani kwa Mkurugenzi, ikakaa hapo. Mkurugenzi hakuwa na nafasi. Jumamosi mgeni rasmi angekuja kuzindua Kampeni ya Kuokoa Mfereji, wasemaji saba walikwishapangwa, na mfereji wenyewe haukuwa na hata ganda la ndizi.

"Sasa mheshimiwa atasafisha nini?" aliuliza kwenye kikao, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Hawa watu wametuhujumu."

Kikao kilikaa kwa saa tano na kupata jibu moja: mfereji urejeshwe katika hali ya kuzinduliwa. Alhamisi lori la Idara likaleta tani tatu za taka zilizochaguliwa dampo kwa uangalifu: matairi, mifuko, jokofu lisilo na mlango na godoro la watu wawili. Ili mgeni rasmi asichafue viatu kwa kutembea, zote zilimwagwa kwenye kalavati, hatua ishirini kutoka mlango wa ofisi. Kwenye kikao kile Afisa, aliyeujua mfereji ule tangu utotoni, alikuwa ameinua mkono na kuuliza maji yatapita wapi. Mwenyekiti wa kikao akamjibu kwamba maji hayamo kwenye ajenda. Afisa aliandika jibu hilo kwenye muhtasari kwa mwandiko mzuri sana.

Jioni hiyo shangazi alikuja na kinyozi wa mtaani, wote wameshika reki.

"Uchafu huu ukishuka, utaziba kwenye kona ya kwangu," alisema. "Tuache tuutoe leo."

"Kibali, shangazi."

"Hata mimi, baba?"

Afisa alitazama kando. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, lakini aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi kuhesabu viti vya wageni.

Ijumaa adhuhuri mvua ikashuka, ile mvua isiyopiga hodi. Mkurugenzi alikuwa ofisini kwake akifanya mazoezi ya hotuba, na Afisa akifanya mazoezi ya kupiga makofi. Hotuba ilipofika kwenye neno "uendelevu," maji yaliingia chini ya mlango. Yalikuwa yamefika kwenye kalavati, yakakuta godoro, yakageuka. Baada ya dakika kumi majalada yalikuwa yakielea, na Mkurugenzi alikuwa amepanda juu ya meza yake na viatu.

Dirishani ilionekana barabara ya upande wa pili. Walikuwa pale wote kumi na wawili, chini ya miavuli, na majembe yao. Nyuma yao Mtaa wa Chini ulikuwa unalowa kwa mvua ya juu tu, si zaidi.

"Mwambie shangazi yako wazibue," alisema Mkurugenzi. "Upesi."

Afisa alikwenda, maji yakiwa magotini.

"Shangazi, Mkurugenzi anaagiza..."

"Anaagiza?"

"Anaomba."

"Sisi hatuna kibali, mwanangu. Wewe mwenyewe ulitangaza."

Kinyozi alitupa jicho kwenye dirisha la ofisi, akamwona Mkurugenzi juu ya meza. "Aliye juu mngoje chini," alisema, akafuta miwani yake.

Afisa alirudi. Fomu ilitafutwa kwenye rundo, kwenye trei, kwenye maji. Ilikuwa chini ya kiatu cha kushoto cha Mkurugenzi. Ikasainiwa papo hapo, bila kikao, na Afisa akaivusha akiwa ameiinua juu ya kichwa. Shangazi aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa.

"Hapa mwisho panasema tuanze baada ya siku ishirini na moja. Haya, tutatafakari. Kwetu hakujaharibika kitu."

Afisa alisimama mvuani. Sharti lile alilitunga yeye, na aliwahi kupongezwa kwa ajili yake. Sasa alitamani kulia.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Ni upuuzi. Utaratibu wote ni upuuzi."

"Hilo kalisemee kule ndani."

Akaenda akalisema. Mkurugenzi alitazama maji yaliyofika kwenye droo ya pili, akachukua hotuba, akaigeuza, na nyuma yake akaandika kwamba Fomu Namba Tisa imefutwa, na kwamba mfereji ni wa kusafishwa na yeyote, siku yoyote, milele. Shangazi aliisoma hiyo pia. Kisha akaikunja, akaitia kifuani, akawapanga wenzake upande wa chini wa kalavati wakinge uchafu usishuke kwake. Reki moja akampa mpwa wake.

"Na bosi wako mwambie ashuke," alisema. "Godoro lile ni lenu, na linataka watu wawili."

Mkurugenzi alisikia mwenyewe. Alimtazama Afisa, ambaye hakumtetea, kisha akaketi ukingoni mwa meza na kuanza kukunja suruali.